Nimekuta svchost.exe kwenye folda nisiyoijua, nitajuaje kama ni salama?

mama_steshenari

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada wenu. Nina steshenari Morogoro, kazi zetu ni kuprinti, kuskani, kutoa kopi na kujazia watu maombi ya mkopo wa chuo, ajira, vyeti vya kuzaliwa na mambo kama hayo. Kompyuta ya kazini ni Windows 10, RAM GB 8. Siku za karibuni imekuwa nzito sana, feni inavuma hata kama sijafungua kitu chochote, na kinachonishangaza zaidi nikifungua Task Manager ili nione nani anakula CPU feni inatulia yenyewe, nikifunga haipiti muda inaanza tena.

Leo nikakaa kuipitia ile orodha moja moja nikakuta svchost.exe nyingi mno, zinajaza skrini. Nyingi zimeandikwa SYSTEM au LOCAL SERVICE, ila kuna chache zina jina langu mimi. Nikabonyeza moja upande wa kulia wa mausi nikachagua Open file location ikanipeleka System32. Nyingine yenye jina langu ikanipeleka ndani ya AppData, halafu Roaming, kwenye folda ambayo mimi sijawahi kuitengeneza. Humo kuna svchost.exe ya MB 4 na kifaili kingine kidogo cha maandishi.

Fundi wa jirani kaniambia hiyo ni faili ya Windows usiiguse, mwingine kasema hicho ni kirusi dawa yake ni kupiga Windows upya tu. Sasa mashine ina kazi za watu, kuna wateja wameacha skani za vyeti vyao, siwezi kufuta kila kitu kwa kubahatisha. Antivairasi ni ile ya Windows yenyewe (Defender), inaonyesha tiki ya kijani haijalalamika chochote. Naomba kujua kama kuna namna ya kutambua faili la aina hii ni salama au la bila kulifungua. Na hizo svchost zenye jina langu nizifute zote?

kijana_wa_mitambo

Dada hivyo ni virusi moja kwa moja. svchost halali inaendeshwa na SYSTEM tu, ukiona jina lako ujue umeingiliwa. Bonyeza End task zote zenye jina lako kisha futa, halafu nunua antivairasi ya kulipia uachane na hiyo ya bure.

fundi_kariakoo

Mkuu hapo juu tusimpoteze dada yetu, zamani kweli svchost halali haikuwa na jina la mtumiaji, ingawa hata wakati huo haikuwa SYSTEM tu, ila Windows 10 mambo yamebadilika. Dada usifute kitu kwanza, soma hii taratibu.

svchost ni kama daladala, yenyewe haina safari yake, inabeba abiria, na abiria ndio huduma za Windows, zile za mtandao, sauti, printa na kadhalika, kwa sababu huduma nyingi zimeandikwa kwenye mafaili ya DLL ambayo hayawezi kujiendesha yenyewe. Zamani moja ilibeba abiria wengi. Tangu toleo la 1703 la mwaka 2017, mashine ikiwa na RAM ya zaidi ya GB 3.5 karibu kila huduma inapewa svchost yake, ndiyo maana unaziona zinajaza skrini. Na wingi huo si ugonjwa. Vilevile Windows 10 ina huduma zinazowashwa kwa kila mtumiaji anayeingia, mfano ile ya kopi na pesti, na hizo lazima zitaonyesha jina lako. Kwa hiyo jina la faili halikuambii kitu na jina la mtumiaji peke yake pia halikuambii kitu.

Kinachokuambia ni mahali linapokaa. svchost ya kweli inakaa C:\Windows\System32, au SysWOW64 kwa zile za biti 32, basi. Hakuna sababu yoyote ya Windows kuweka svchost yake ndani ya Roaming, hiyo ni folda ambayo programu yoyote inaweza kuandika bila kuomba ruhusa ya admini ndiyo maana wahalifu wanaipenda sana. Tena angalia ukubwa, ile halisi haifiki hata kilobaiti 100, yako ina MB 4. Mimi kwa hapo tu nimeshaitilia shaka kubwa lakini twende kwa ushahidi.

Kwanza chomoa intaneti. Halafu kwenye Task Manager nenda Details, bonyeza kulia juu ya vichwa vya safu, Select columns, weka tiki kwenye Command line. svchost halali utaona imeandikwa C:\WINDOWS\system32\svchost.exe halafu -k na jina la kundi la huduma, mfano -k netsvcs. Ukikuta moja haina hiyo -k, au ina anwani inayoanza na stratum+tcp, huyo ni mchimba sarafu za kidijitali, anatumia umeme wako na prosesa yako kumtengenezea mtu mwingine hela. Na hilo la feni kutulia ukifungua Task Manager linanifanya nifikirie hivyohivyo, wengi wao wameandikwa wachungulie kama Task Manager imefunguliwa, ikifunguliwa wanajifanya wamelala.

Pili sahihi ya kidijitali. Watu wengi wanafungua Properties wanatafuta tabu ya Digital Signatures wakiikosa wanasema kirusi, hapana, kuna mafaili halali kabisa ya Windows hayana hiyo tabu, notepad.exe ni mmojawapo, sahihi yake imehifadhiwa kwenye katalogi pembeni. Wewe fungua PowerShell uandike Get-AuthenticodeSignature ikifuatiwa na njia nzima ya faili ndani ya alama za kunukuu. Ikijibu Valid na jina la Microsoft ni nzuri. Ikijibu NotSigned kwa faili linalojiita la Microsoft, basi limeshajishtaki lenyewe. HashMismatch maana yake limechezewa baada ya kusainiwa.

Tatu chukua hashi yake, ambayo ni alama za kidole za faili. Fungua CMD uandike

certutil -hashfile "njia nzima ya faili" SHA256

Utapata mstari wa herufi na namba 64. Hapa hulifungui faili, unalisoma tu, halina nafasi ya kufanya lolote. Ule mstari hifadhi kwenye faili la maandishi, ukirudi mtandaoni dakika moja ingia tovuti ya VirusTotal uchague kutafuta, siyo kupakia, uupesti. Wana injini za antivairasi kama 70 hivi, kama faili limeshawahi kupita kwao utaona majibu hapohapo. Ulete hapa tukusaidie kuyasoma maana kuyasoma nako ni kazi.

kijana_wa_mitambo

Sawa mkuu, hilo la huduma za mtumiaji sikulijua, asante. Ila kama faili lina sahihi si tunaliamini tu yaishe?

fundi_kariakoo

Sahihi inakuambia limetoka kwa nani, haikuambii huyo aliyelitoa yuko salama. Mwaka 2017 CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, toleo la 5.33 lilitoka na sahihi halali ya kampuni na ndani lilikuwa na kirusi, watu zaidi ya milioni mbili waliliweka. Na kirusi cha Stuxnet kilichogunduliwa 2010 kilisainiwa kwa vyeti vilivyoibwa kutoka kampuni mbili za Taiwan, Realtek na JMicron. Lakini hayo ni mambo makubwa ya nadra. Kwa sisi wa mtaani sahihi inasaidia zaidi pale inapokosekana mahali ilipotakiwa iwepo.

saiba_nakuru

Hamjambo ndugu zetu wa Bongo. Mimi naendesha saiba Nakuru, nimeona hii nikasema nichangie mambo mawili.

La kwanza, huyo fundi wa kwanza aliyesema usiguse hakukosea kabisa, alikosea tu kutoangalia faili liko wapi. Kufuta kitu kwa sababu hukijui ni hatari vilevile. Mwaka 2002 kulizunguka baruapepe dunia nzima ikisema tafuta faili la jdbgmgr.exe kwenye kompyuta yako, lina picha ya kidubu, ni kirusi kinalala siku 14 na antivairasi haikioni, kifute haraka uwaambie na rafiki zako. Watu walitafuta, wakakipata kweli na kidubu chake wakakifuta. Lilikuwa faili halali la Microsoft la mambo ya Java, wengi wenye Windows ya wakati ule walikuwa nalo, ndiyo maana waliotafuta walilipata. Hapakuwa na kirusi chochote, ile barua yenyewe ndiyo ilikuwa inaambukiza, kupitia watu. Leo kazi hiyo inafanywa na meseji za WhatsApp.

La pili na hili naomba ulizingatie sana mama kwa sababu kazi yako ni kama yangu. VirusTotal siyo mahali pa siri. Ukipakia faili pale wanaligawana na makampuni ya usalama na wateja wao wanaolipia wanaweza kulishusha. Kwa exe, yaani faili la programu, hakuna shida, ni vizuri hata walione. Lakini mteja akikuletea PDF ya cheti cha kuzaliwa au barua ya benki ukaitilia shaka usiipakie pale, tafuta kwa hashi peke yake. Ile ni siri ya mtu na hakukupa ili uisambaze. Huku Kenya tuna sheria ya kulinda data tangu 2019, na nyinyi mna yenu ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo si suala la ustaarabu pekee.

Halafu hashi isipopatikana usishangilie. Maana yake ni kwamba hakuna aliyelipeleka faili hilo hapo, wala si kwamba ni safi. Wenye virusi wanabadilisha kidogo tu ndani na hashi yote inakuwa nyingine.

mama_steshenari

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimefanya yote.

Sahihi imejibu NotSigned. Ile ya System32 nimeijaribu kulinganisha imejibu Valid. Kwenye Command line zenye jina langu ziko chache, zote zina -k UnistackSvcGroup isipokuwa hiyo ya Roaming ambayo ina njia yake tu haina kitu mbele. Kile kifaili kidogo nimekifungua kwa Notepad (nadhani hapo sikukosea maana ni maandishi) kuna neno pools na anwani ndefu, halafu herufi nyingi zisizoeleweka.

Hashi nimeitafuta VirusTotal imeonekana, zaidi ya injini 50 zimeweka nyekundu, majina mengi yana CoinMiner ndani yake. Na Microsoft mwenyewe yumo kwenye waliolikamata! Sasa ndio nimechanganyikiwa, kama Microsoft analijua mbona Defender yangu ina tiki ya kijani?

fundi_kariakoo

Hapo hakuna mjadala tena, injini 50 hazikosei pamoja. Ingekuwa mbili au tatu tena za majina usiyoyasikia ningesema subiri, na ingekuwa jina linaishia na !ml ningesema subiri pia, kwa sababu hiyo maana yake mashine imekisia kwa kufananisha, na programu ndogo za watu binafsi hukamatwa hivyo bila kosa. Na pools ndani ya kile kifaili ndiyo anwani inakopelekwa kazi ya prosesa yako. Notepad hukukosea.

Swali lako la Defender ni zuri kuliko yote. Fungua Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, shuka chini kabisa mpaka Exclusions, bonyeza Add or remove exclusions. Niambie umekuta nini. Na nikuulize, hiyo Windows na Office aliyekuwekea alizipaje leseni?

mama_steshenari

Nimekuta C:\Users yote imeandikwa humo. Sikuweka mimi. Kuhusu leseni, yule fundi aliyeniwekea alikuja na flashi yake, akazima antivairasi kwanza akasema inasumbua, akaweka kitu akaniambia tayari ni ya kudumu.

fundi_kariakoo

Ndiyo hapohapo. Zile aktiveta za bure, yaani programu za kuifanya Windows au Office ionekane ina leseni, ndizo mlango mkubwa kuliko yote huku kwetu, na simaanishi kila moja ina kirusi, ila nyingi zinakuomba uzime ulinzi kwanza halafu uzipe ruhusa ya admini, sasa aliyeifungasha upya akaweka na mchimbaji ndani utamzuiaje wakati umemfungulia mwenyewe? Nyingi zikishaingia zinaandika folda kwenye orodha ya msamaha, ndiyo hiyo Exclusions, na Defender ikiambiwa isiangalie C:\Users haiangalii, inakuwekea tiki ya kijani na kwa upande wake haidanganyi.

Inaniuma sana kuona mafundi wenzangu wanamfanyia mteja hivi kisha wanamwacha hajui, mteja analipa umeme wa mtu mwingine na data za watu ziko wazi.

Fanya hivi. Futa huo msamaha wote kwanza. Kisha kwenye Scan options chagua Microsoft Defender Offline, mashine itajizima na kuwaka yenyewe, itaskani kabla Windows haijaamka kwa hiyo kirusi hakina pa kujificha, ni kama robo saa hivi. Ikimaliza pakua Autoruns ya Sysinternals, inaonyesha vitu vyote vinavyojiwasha pamoja na Windows na inatolewa na Microsoft bure, kwenye mipangilio yake iambie ifiche vitu vya Microsoft halafu angalia kilichobaki, hasa tabu ya Scheduled Tasks. Mara nyingi kuna kazi iliyopangwa inayokiamsha kila ukiwasha mashine, na usipoifuta hiyo utafuta exe asubuhi jioni imerudi. Autoruns inaweza pia kuangalia hashi za vyote VirusTotal kwa mpigo.

mwalimu_dodoma

Samahani naingilia. Kwa hali hiyo mimi nisingesafisha, ningepiga Windows upya. Mchimbaji anaonekana kwa sababu ana kelele, mwizi wa nywila hana kelele, na waliomleta mmoja wanaweza kuleta wa pili kimyakimya. Mashine inayopita vyeti vya watu na akaunti zao za maombi haitakiwi kuwa na "nadhani imepona".

fundi_kariakoo

Mwalimu nakubaliana na wewe, nilikuwa nataka kwanza kirusi kife ili dada aweze kunakili kazi za watu kwa usalama. Dada, ukishaskani nakili nyaraka tu, PDF, picha, Word, Excel. Usinakili exe yoyote wala folda ya AppData. Faili za Word zinazoishia na docm na za Excel zinazoishia na xlsm ziache kama hujui zimetoka wapi, hizo zinabeba makro, yaani programu ndogo ndani ya nyaraka. Kisha weka Windows upya ukitumia kopi uliyoshusha kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, na kama mashine inaikubali weka Windows 11 kabisa, Windows 10 iliishiwa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Hela ya leseni ikiwa ngumu LibreOffice ni bure kihalali na inafungua Word vizuri tu kwa kazi za steshenari.

Nywila zako za baruapepe na za kila akaunti uliyofungulia humo badilisha leo leo, lakini kwa simu, siyo kwa mashine hiyo. Na wateja uliowajazia maombi wakaacha nywila zao zimehifadhiwa kwenye brauza uwapigie uwaambie wabadilishe. Najua ni aibu kidogo ila ni haki yao kujua.

mama_steshenari

Nitawapigia kesho asubuhi, namba zao ninazo kwenye daftari. Sasa jambo la mwisho wakuu, wateja wanakuja na flashi wanataka kuprinti, ukifungua unakuta mafaili yao yote yamekuwa shotikati zenye kimshale, au PDF ambayo ukiibonyeza haifunguki. Siwezi kukataa flashi za watu, nitakosa kazi.

saiba_nakuru

Usikataze mama, wewe tu usibonyeze mara mbili. Kimshale kikikaa juu ya ikoni ya folda hiyo siyo folda. Bonyeza kulia, Properties, soma mstari wa Target, ukikuta cmd.exe au wscript.exe hapo ni kirusi kinasubiri umwamshe, mafaili ya mteja yapo yamefichwa tu. Flashi ikiwa ni E, fungua CMD uandike

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

yatatokea tena, kisha futa zile shotikati na kile kifaili cha vbs au js utakachokiona kimejitokeza pamoja nayo. Halafu iskani flashi yote kabla hujafungua nyaraka hata moja.

Kuhusu PDF isiyofunguka, kwenye File Explorer nenda View uweke tiki kwenye File name extensions. Windows inaficha miisho ya majina, kwa hiyo cv.pdf.exe wewe unaona cv.pdf na ikoni ya PDF juu. Mbinu ya kale kabisa hiyo, ILOVEYOU ya mwaka 2000 kutoka Ufilipino ilikuja kama LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT na mwisho wake halisi ulikuwa vbs, watu wakaona TXT wakabonyeza. Ukiweka hiyo tiki kwenye mashine zako zote, na msichana au kijana anayekusaidia kazi ukamwonyesha aangalie mwisho wa jina kabla ya kufungua, nyingi utazikamata hapo mlangoni. Kwa wale unaowafahamu waambie wakutumie kazi kwa baruapepe, hapo angalau Gmail inakataa exe yenyewe.